Fyuzi nzima, gari halishiki: kisa cha mchomoko wa chumvi ya Uvinza

Kilichomaliza ubishi ni kisahani cha majivu. Dereva wa gari hili havuti sigara, na abiria wake hawathubutu, lakini kisahani kilikuwa na mzigo: fyuzi tatu zilizoungua, mbili za buluu na moja ya kijani, pamoja na kipande cha waya wa shaba kilichoviringwa kama hereni. Ningekivuta siku ya kwanza ningeokoa siku tatu za watu na aibu yangu mwenyewe. Sikukivuta. Nilikimbilia kiti cha nyuma, nikakuta huko ubovu wa kweli kabisa ambao haukuwa na hatia.

Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Kigoma, upande wa Mwanga. Gari lenyewe ni Toyota ya cc 1,500, bodi ya mizigo na abiria, moja ya zile tunazoziita michomoko. Ufunguo wake ni wa kuzungusha, si wa kubonyeza. Nalitaja hilo mapema kwa sababu lina kazi huko mbele. Mwenye gari ni mama wa Ujiji anayenunua chumvi Uvinza na kuiuza kwa magunia hapa mjini. Kwenda hubeba abiria, kurudi hubeba chumvi. Ni safari ya kama kilomita 100, lami, ila ukiiacha lami kuingia kwenye chumvi yenyewe ni mashimo juu ya mashimo.

Walikuja wote wawili asubuhi, gari likitembea kwa miguu yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hili gari linanitia hasara. Msikilize huyu akueleze."

Dereva akaeleza: "Fundi, inazima njiani. Inazima tu, puu. Ukipiga stata inazunguka vizuri ila haishiki. Ukiiacha dakika kumi inawaka kama haikufanya kosa."

Nikauliza ninayouliza siku zote. Joto linapanda? Halipandi. Mafuta yapo? Yapo. Inazima popote au mahali fulani? Akasema mara nyingi ni wakati wa kurudi. Nikauliza kama kuna fundi mwingine amegusa. Hapo alimtazama mama kwanza, halafu akajibu, "Hapana, hakuna." Niliona macho yalivyokwenda kwa mama. Nikayapita. Mtu akikuambia kisa chake huku bosi wake amesimama pembeni, unachosikia ni kile bosi anachotakiwa kusikia, na fundi wa miaka yangu alipaswa kulijua hilo bila kufundishwa.

Gari linalozima likiwa la moto na kuwaka likipoa lina washukiwa wachache wanaojulikana: pampu ya mafuta ambayo mota yake imechoka, sensa ya krenki inayosoma mzunguko wa injini, au rilei, ile swichi inayofungwa kwa umeme, yenye lehemu iliyopasuka. Mimi nilianza na pampu, na nilianza nayo kwa sababu ya chumvi. Chumvi hunyonya unyevu wa hewani. Gunia likikaa ndani ya gari msimu wa mvua linatoa jasho, jasho lile linateremka kwenye tundu lolote la skrubu, na chini ya kiti cha nyuma ndiko kulikofungwa soketi ya pampu. Nikainua kiti, nikafungua kifuniko. Soketi ilikuwa ya kijani kama imepakwa rangi. Pini moja ilikuwa imeliwa hadi nusu.

Ungekuwa wewe ungetafuta nini tena?

Nilipima injini ikiwa inaunguruma: betri volti 14.1, pampu volti 12.6. Volti 1.5 zinapotea njiani. Nikasafisha, nikabadili ile pini, nikakwangua na ethi, pale umeme unaporudia betri kupitia chuma cha bodi, nikapima tena: 13.0. Nafuu. Lakini bado volti 1.1 ilikuwa haijulikani iliko. Nusu volti ningeivumilia kwenye gari lenye umri huo. Volti nzima na ushee si ya kuvumilia, na nilijua, ila nilikuwa nimeshapata mchawi wangu, na mchawi alikuwa wa kijani. Nikajisemea gari ni la zamani. Nikapokea shilingi 25,000, mama akaniombea dua, wakaondoka.

Siku mbili baadaye kanta ilileta gari lile kwa kamba kutoka njia ya Kidahwe.

Taa ambayo haikuwaka

Safari hii halikupoa likawaka. Lilikuwa limekufa. Stata inazungusha kwa nguvu, betri nzima, lakini hakuna hata dalili ya kutaka kushika. Bwana mdogo ninayemfundisha kazi akatoa hukumu papo hapo: "Pampu imekufa, bosi. Ile pini uliyobadili haikuiponya." Alikuwa anarudia kosa langu kwa sauti yangu.

Nikamwambia aache stata, azungushe ufunguo hadi pale taa za dashibodi zinapowaka, basi. Taa ya betri ikawaka. Taa ya oili ikawaka. Ile ya njano yenye umbo la injini haikuwaka.

Wengi huiogopa taa hiyo ikiwaka. Mimi huiogopa zaidi ikikataa kuwaka wakati ufunguo uko hatua hiyo. Inavyofungwa ni hivi: upande mmoja wa balbu hupata umeme kutoka kwenye swichi ya ufunguo, upande wa pili husubiri kontroli boksi, yaani ubongo wa injini, iupe ethi. Kontroli boksi ikiwa hai, huiwasha kwa kuijaribu kabla injini haijashika. Ikiwa haina umeme, hakuna wa kuipa balbu ethi, na taa inabaki gizani. Kwa hiyo kabla hujafungua kitu chochote, dashibodi imeshakwambia kama ubongo wa gari uko macho. Angalizo moja tu: wako wauza magari wanaoichomoa balbu ile ili mnunuzi asione hitilafu. Nilimuuliza dereva kama huwa anaiona. Akasema huwaka kila asubuhi kisha huzima. Basi balbu ipo.

Nikachomeka kompyuta ya kupimia. Kioo chake kikawaka, lakini ikashindwa kuongea na gari. Hili huwapoteza vijana wengi: wanaona kompyuta imewaka wanadhani gari lina umeme kila mahali. Tundu la kompyuta lina fyuzi yake peke yake, halina habari na ile ya kontroli boksi. Na stata pia, kwa gari la ufunguo wa kuzungusha namna hii, hupata amri kwenye swichi bila kuisubiri kontroli boksi. Ndiyo maana gari linaweza kuzungusha kishujaa huku ubongo umelala fofofo.

Tukachomoa plagi moja tukaigusisha kwenye injini: hakuna cheche. Tukasikiliza pampu wakati stata inapiga: kimya. Cheche hakuna na mafuta hakuna, vyote kwa mpigo. Vitu viwili visivyoshikana ni nadra sana kufa dakika moja kwa bahati mbaya. Wana mzazi mmoja, na mzazi huyo kwenye Toyota nyingi ni fyuzi iliyoandikwa EFI, yaani ya mfumo wa kupuliza mafuta kwa umeme, na rilei yake, ndani ya boksi jeusi karibu na betri. Mpangilio hutofautiana kati ya gari na gari, kwa hiyo soma kifuniko cha boksi la gari lako usisome la jirani. Kwenye hili, EFI ni ampea 15, na pampu nayo hupata umeme baada ya rilei hiyo hiyo.

Fyuzi ilikuwa buluu, namba 15, nzima. Ukiitazama kwa juu unauona ule utepe wa ndani haujakatika. Nikachukua taa ya kujaribia, nikabana mkia wake kwenye ethi, nikagusa vile vichwa viwili vidogo vya chuma vilivyo juu ya fyuzi. Cha kwanza, taa ikawaka. Cha pili, ikawaka. Bwana mdogo akanitazama kwa huruma.

Nikachomoa rilei nikaweka ya honi, baada ya kuhakikisha namba zake zinafanana. Hakuna mabadiliko. Basi nikashuka kwenye matundu ya rilei yenyewe. Moja wapo, lile la mguu namba 30, linapaswa kuwa na umeme muda wote hata ufunguo ukiwa mfukoni. Nikagusa. Giza.

Kutoka kichwa cha fyuzi hadi tundu lile hakufiki hata shubiri moja. Umeme upo juu ya fyuzi, kwenye rilei haupo. Nikaikamata fyuzi kwa koleo ili niing'oe, nayo ikaja bila ubishi wowote, kama jino la mtoto lililokwisha kulegea. Mguu mmoja ulikuwa umebadilika rangi, kahawia ikielekea zambarau. Plastiki ya tundu ilikuwa imelainika na kuganda tena, na yale meno mawili ya chuma yanayobana mguu wa fyuzi yalikuwa yamechanua.

Hapo ndipo nilipoikumbuka ile volti 1.1.

Vichwa viwili vya juu vinakupa habari za fyuzi peke yake. Vinakwambia umeme umeingia mguu huu na kutokea mguu ule, basi. Kama mguu wa kutokea haujashikwa na kitu chini, taa yako itawaka pande zote mbili na gari halitawaka. Umeme wa kuwasha kibalbu cha kujaribia ni mdogo. Wa kuendesha pampu, koili za cheche na kontroli boksi ni mwingi zaidi. Meno yaliyolegea huanza kwa kupitisha kwa shida. Yakiwa na ukinzani wa omu 0.1 tu, ampea 10 zikipita hapo volti 1 inabaki mlangoni na wati 10 za joto zinazaliwa ndani ya kitundu kisichoingia kidole. Joto linalegeza chuma, chuma kikilegea ukinzani unapanda, joto linaongezeka. Gari linazima. Kikipoa kinabana tena kidogo, gari linawaka. Zile dakika kumi za dereva zilikuwa za tundu la fyuzi kupoa. Pampu haikuhusika.

Kisahani

Lakini fyuzi ya ampea 15 ikiwa kwenye tundu linalobana vizuri haiyeyushi tundu hilo kwa kazi ya kawaida. Ilibidi kuna siku umeme mwingi kuliko huo umepita hapo, na fyuzi hii ya buluu, safi, inayong'aa, haikuwepo siku hiyo.

Mama alikuwa amekwenda kuswali adhuhuri. Nikamvuta dereva kando.

"Kaka, hapa tuko wawili. Kabla ya hii ya buluu kulikuwa na nini?"

Akanyamaza kidogo. Kisha akaenda kwenye gari, akavuta kisahani cha majivu, akanimiminia kiganjani.

Kisa chake kilikuwa hivi. Mwezi uliopita, akitoka Uvinza na mzigo, gari lilizima kwenye mashimo. Kijana mmoja pale barabarani akaikuta fyuzi ya EFI imeungua, akaweka nyingine ya buluu. Wiki moja, ikaungua tena, mahali karibu pale pale. Akaambiwa, "Hii ya 15 ni ndogo kwa gari la mzigo, weka kubwa," akawekewa ya kijani, ampea 30. Ya kijani ilidumu siku nyingi, dereva akafurahi, ila siku mbili tatu alisikia harufu ya plastiki inayoungua akadhani ni gari la mbele. Ilipokatika nayo, usiku, mvua inanyesha, mtu akamzungushia waya wa shaba kwenye miguu ya fyuzi mbovu, akarudi mjini. Alitembea na shaba ile siku nne. Gari lilipoanza tabia ya kuzima na kuwaka, na mama akasema lipelekwe kwangu, alinunua fyuzi mpya ya buluu, akaiweka mahali pake, akaficha ushahidi kwenye kisahani ili asionekane amechezea gari la watu.

Sikumlaumu sana. Ningekuwa usiku huo kwenye mvua na magunia ya chumvi, na mimi ningetaka kufika nyumbani. Ila huyo aliyesema 15 ni ndogo kwa mzigo ndiye ninayemtafuta hadi leo. Mzigo wa chumvi haupiti kwenye fyuzi! Fyuzi huwekwa kwa kipimo cha waya, waya uungue mwisho na fyuzi iungue kwanza. Ndiyo maana zina rangi ambazo hata asiyesoma anazishika: kahawia ni 7.5, nyekundu 10, buluu 15, njano 20, nyeupe 25, kijani 30. Ukiweka kijani pahali pa buluu umeruhusu waya mwembamba upitishe maradufu ya kile alichokadiria aliyeutengeneza. Ukiweka shaba, fyuzi sasa ni gari zima.

Kama uko njiani na huna fyuzi ya akiba, chomoa ya kiberiti cha sigara. Mara nyingi nayo ni 15, na hakuna atakayekufa kwa kukosa kiberiti. Jaribu mara moja. Ikiungua na hiyo, kuna shoti, na kuendelea kulisha fyuzi ni kuchoma akiba.

Zile tatu za kisahani nikazipanga juu ya boneti, kwa sababu fyuzi iliyoungua husomeka. Buluu zote mbili zilikuwa na moshi mweusi ndani na utepe wake umetapakaa vipande. Hiyo ni shoti kavu, umeme umekwenda ethi bila kupitia kazi yoyote, utepe umelipuka. Ya kijani haikuwa na moshi. Utepe wake ulikuwa umelegea, ukainama, ukaachana katikati. Hiyo imepikwa polepole na umeme uliozidi kiasi. Ina maana sehemu ile ya shoti haikugusana sawasawa muda wote. Iligusa, ikaachia, ikagusa kupitia masizi. Kipande cha shaba hakikuwa na la kusema.

Kwa hiyo maradhi yalikuwa mawili na moja limezaa jingine. Tundu lililoyeyuka ndilo lililozima gari leo. Shoti isiyojulikana iliko ndiyo iliyoleta ya kijani, ya kijani ikaleta shaba, na shaba ikapika tundu.

Boksi zima la fyuzi halikupatikana madukani. Kigoma ni mwisho wa reli, na spea nyingi nazo huishia kabla ya kufika. Nikakata waya kwenye lile tundu bovu, nikafunga kishikio cha fyuzi cha nje chenye waya mnene, nikachoma lehemu, nikavalisha mpira wa kusinyaa kwa moto, nikakifunga pembeni ya boksi kisicheze. Fyuzi mpya ya 15. Ufunguo. Ile taa ya njano ikawaka. Stata ikagusa tu, injini ikashika.

Bwana mdogo akapiga makofi. Mama, aliyekuwa amerudi, akaanza dua. Nikamwomba asubiri, maana dua ya kwanza ilikuwa bado haijatumika vizuri.

Balbu ya breki

Kutafuta shoti isiyokuwepo sasa hivi ndiyo kazi ngumu kuliko zote katika ufundi huu. Ukiweka fyuzi na kutikisa nyaya, ama huoni kitu, ama fyuzi inakatika na hujui ulikuwa umeshika wapi. Ninachofanya ni kuweka balbu mahali pa fyuzi, ya breki, wati 21. Umeme wote wa njia ile unalazimika kupita kwenye balbu, na balbu haitaruhusu zaidi ya ampea 2 hata waya ukigusa ethi waziwazi. Hakuna kinachoungua. Shoti ikitokea balbu inawaka kwa nguvu zake zote, ikiachia inazima, nawe unaendelea kutikisa.

Ila ni lazima uondoe kwanza kila kinachokula umeme kihalali kwenye njia ile, la sivyo balbu itakuwa inawaka muda wote kwa sababu zisizokuhusu. Tukachomoa soketi za kontroli boksi, tukachomoa soketi ya pampu, na pale kwenye rilei nikaunganisha mguu 30, wa kuingilia, na 87, wa kutokea, kwa kipande cha waya ili umeme uende hadi mwisho wa njia kama vile rilei imefunga. Balbu kimya. Vizuri.

Tukaanza kutikisa. Kutoka boksi la fyuzi, kando ya betri, juu ya injini, nyuma ya injini. Saa nzima. Balbu haikukonyeza hata mara moja. Tukaenda kula.

Nilikuwa na kipande cha mgebuka mkononi na tonge la ugali wa muhogo liko njiani ndipo lile neno la siku ya kwanza liliporudi: mara nyingi ni wakati wa kurudi. Mashimo ni yale yale kwenda na kurudi. Kinachobadilika ni mzigo. Gari lililoshiba chumvi hukaa chini, hugonga zaidi, na injini yake hutoka jasho kwenye milima, bomba la ekzosti likawa la moto kuliko linavyokuwa na abiria wanne. Sisi tulikuwa tunatafuta kwenye gari tupu, baridi, lililosimama kivulini.

Tukarudi, tukarudisha kila kitu, tukaliendesha gari mtaani nusu saa hadi likachemka vizuri. Tukachomoa tena, tukaweka balbu tena. Vijana wanne wa bodaboda waliokuwa wanatucheka tukawaomba wakae nyuma pamoja na magunia mawili ya mama, warukeruke. Wakaona ni mchezo. Ruka ya tatu, balbu ikakonyeza. Ruka ya tano ikawaka pyaa, ikabaki hivyo.

"Kaeni hivyo hivyo, msiteremke!"

Nikaingia uvunguni na tochi. Sensa ya oksijeni kwenye bomba la ekzosti ina nyaya nne. Mbili ni za kikanza kidogo kilicho ndani yake, kwa sababu sensa hii haifanyi kazi mpaka ipate joto la mamia ya nyuzi, na kikanza kile huiharakisha gari likiwa baridi. Waya mmoja wa kikanza hupata umeme moja kwa moja kutoka kwenye rilei ya EFI muda wote ufunguo ukiwa umewashwa. Mkia wa sensa ulikuwa umelala juu ya bomba. Ngozi ya plastiki ilikuwa imekwisha kwa urefu wa vidole viwili, shaba nyeusi, na sehemu moja inang'aa pale ilipokuwa inabusu chuma. Nikausukuma kwa bisibisi, balbu ikazima. Nikauachia, ikawaka.

Kitu kingine kilikuwa kimeganda kwenye bomba, cheusi, chenye kunata: mabaki ya mpira wa tubu ya baiskeli.

Mama akakumbuka bila kuulizwa mara mbili. Miezi mitatu nyuma bomba lilitoboka, likapelekwa kuchomelewa. Mchomeleaji aliutoa mkia wa sensa kwenye kishikio chake ili asiuchome, jambo la busara. Kishikio kilikuwa kimeoza kwa kutu kikakatika, akaufunga juu kwa ukanda wa tubu kama tunavyofunga kila kitu nchi hii. Mpira na bomba la moto havikai nyumba moja. Uliyeyuka taratibu, waya ukateremka.

Waya uliochubuka niliukata nikaunga upya kwa lehemu, nikauvalisha soksi ya nyuzi za kioo isiyoshika moto, nikatengeneza kishikio cha bati, nikaufunga kwa waya wa chuma cha pua mbali na bomba vidole vinne. Lakini sikuishia hapo, kwa sababu njia ile ilikuwa imeonja ampea za kijani na za shaba. Nikafungua utepe wa fungu la nyaya kutoka kwenye boksi kwenda nyuma ya injini. Waya wa EFI ulikuwa umekakamaa, ngozi inapasuka ukiukunja, na jirani zake wawili wamegandana nao. Tukabadili kipande cha mita moja na nusu. Hiyo ndiyo iliyokuwa ile harufu ya gari la mbele.

Vipimo vya mwisho, injini ikiunguruma: betri 14.1, pampu 13.8. Volti 0.3 tu imepotea. Siku iliyofuata nilikwenda nao Uvinza mwenyewe, nikarudi nimekaa juu ya chumvi. Kwenye mashimo yale nilikuwa nimeishika pumzi. Tulipofika mjini nikafungua boneti nikaigusa fyuzi kwa kidole: vuguvugu, kama chai iliyosahauliwa.

Mama alikuwa na swali lake. "Mwanangu, ile elfu ishirini na tano ya juzi tunaisemaje?"

Nikajitetea kwamba kutu ya soketi ilikuwa ya kweli na pini iliyoliwa niliibadili kweli. Akasema hakuja kutengenezewa kutu, alikuja kutengenezewa gari. Tulizungushana, mwisho nikabaki na 10,000, nyingine zikaingia kwenye bili mpya. Kuhusu kisahani nilimwambia fyuzi ilishawahi kubadilishwa njiani, basi. Dereva alikuwa anafuta kioo ambacho tayari kilikuwa safi.

Nilimwambia mama pia atandike turubai chini ya magunia, maana chumvi bado inateremka kwenye tundu lile la skrubu na pini mpya nayo ni ya shaba. Wiki iliyopita gari lilipita hapa kujazwa upepo. Nikachungulia nyuma. Hajatandika.